Ekzosi Niliyoifunga Uani kwa Mama

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninaposikia pikipiki ikipanda mlima. Hunirudia polepole, kama ukungu wa kwetu Mapera unavyopanda kutoka bondeni asubuhi, mpaka nyumba ya jirani huioni tena. Nimesoma hadi darasa la saba tu, na sijui kupamba maneno. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kufika hadi vijijini, na maduka ya Mbinga mjini, ambayo nilikuwa nimeyazoea yakiwa na chumvi na viberiti, yakajaa redio, viatu vya plastiki na vipuri. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kahawa ya baba ilikuwa imetupatia pikipiki. Ilikuwa imetumika sana kabla ya kufika kwetu, lakini ilikuwa ya kwanza kwenye mgongo wetu wa mlima. Ilikuwa na sauti ya chini, ya kukohoa kidogo, kama mzee anayejiandaa kusema. Mama aliijua sauti ile. Nikifika kwenye daraja la miti kule chini, alibandika maji ya ugali. Nikizima injini uani, yalikuwa yanachemka.

Lazima nikueleze jambo moja la kwetu, ndipo utaelewa. Sisi Wamatengo tunaishi juu ya migongo ya milima, kila ukoo na mgongo wake, na kati yetu kuna mabonde. Kumfuata mtu aliye ng'ambo ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena, kazi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo tuliitana. Mtu alisimama ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akaita jina. Aliyeitwa aliacha jembe, akaitika, ndipo akaambiwa. Na kama jina si lako, wewe uliyelisikia ulilichukua na kuliita kuelekea mbele, mpaka limfikie mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani jina langu lina miguu.

Ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, niliiona dukani kwa Mzee Shomari, muuza vipuri ambaye wazee wake walitoka pwani. Ilikuwa imening'inizwa darini kwa waya, fupi, inang'aa, mdomo wazi kama tarumbeta.

"Shikamoo mzee. Naomba niishike ile."

"Marahaba. Ile ni ya watu wa mashindano, kijana. Wewe unashindana na nani, mbuzi wa Mapera?"

Watu dukani walicheka. Nilicheka nao, nikainunua.

Niliifunga mwenyewe siku ya Jumamosi, uani, karibu na kichanja cha kuanikia kahawa. Rafiki yangu Kosmas alikuja kunisaidia, yaani alikaa juu ya kinu akinicheka. Nati mbili zinazobana ekzosi kwenye injini zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilizimwagia mafuta ya taa, nikasubiri, nikazigonga kidogo, nikasubiri tena. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilinichubua vidole vitatu. Ile ya zamani ilipotoka ilikuwa nzito, nyeusi, imejaa masizi ya safari zote. Niliisukuma chini ya kichanja. Mpya haikulingana na kishikio cha nyuma, nikaikaza kwa kipande cha bati na waya. Ndani ya mdomo wake kulikuwa na kibomba kidogo chenye matundu, cha kupunguza sauti, kimeshikwa na skrubu moja. Niliifungua skrubu ile, mwanangu. Hakuna aliyenituma.

"Na hicho?" Kosmas aliuliza.

"Hiki ni cha wanaoona haya."

Nilipiga kiki. Kuku walitawanyika hadi ndani ya mibuni, na Kosmas akateleza kutoka kwenye kinu. Mama alitoka jikoni na mwiko, kiganja kimoja sikioni.

"Yesu na Maria! Hiyo ni pikipiki au mashine ya kusaga?"

"Mama, sasa nitasikika mpaka Matiri!"

"Nami nikikuita je?"

Nilivuta mafuta tena, ikanguruma. Alicheka, mama yangu, akapaza sauti ili nimsikie: "Basi sitakuita, nitakurushia jiwe!"

Jumatatu asubuhi niliondoka kwenda ziwani, Mbamba Bay, kuchukua usipa mkavu, dagaa wa huko, wa kuja kuuza. Mama alikuwa ametangulia shambani, kwenye ngoro zake, yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isibebe udongo. Sikupita kumuaga. Barabara ya kushuka ziwani inazungukazunguka mabonde, na mara tatu inakugeuza uso ukatazama milima unayoiacha.

Kona ya kwanza sikutazama. Kona ya pili nilimwona mtu mmoja, mdogo kama punje, amesimama ukingoni, viganja mdomoni. Kona ya tatu walikuwa wanne au watano juu ya mgongo mwingine, wakirusha mikono. Moyo wangu ulijaa. Nilidhani wameacha majembe ili wanitazame nikipita. Niliachia mkono mmoja nikawapungia, nikavuta mafuta mpaka bonde zima likajaa sauti yangu. Kisha ziwa likatokea mbele, limelala, ukungu umeficha ng'ambo yake, na sikuweza kujua maji yalikoishia wala mbingu zilikoanzia. Nilishuka kama mtu aliye usingizini.

Ufukweni nilizima injini, nikakaa mchangani. Mawimbi yalivunjika karibu na miguu yangu, nami sikuyasikia. Masikio yalikuwa bado yanalia kwa ile ngurumo. Niliyatazama maji yakija na kurudi kimya, nikaona ni jambo zuri, kama ndoto. Nilikaa pale muda mrefu. Uzuri ule bado ninaukumbuka, na bado ninauonea aibu.

Nilirudi kesho yake mchana, usipa nyuma yangu ndani ya magunia mawili. Nilipokaribia nyumbani niliona watu wengi uani, wanawake wameketi chini, kanga viunoni. Midomo yao ilikuwa wazi. Mwanangu, niliona watu wakilia na kilio chao sikukisikia, kwa sababu ya kelele niliyoifunga kwa mikono yangu. Kwetu, ukikaribia msiba hata baiskeli unashuka ukaikokota. Mimi niliingia nikinguruma mpaka katikati yao. Kosmas alikuja mbio akageuza ufunguo. Ndipo kilio kikanifikia, chote kwa mara moja.

Baba alikuwa kwenye kigoda mlangoni.

"Tulikuita," alisema.

"Sikusikia, baba."

"Ulitupungia mkono."

Mama alikuwa ndani, amefunikwa, wakinisubiri mimi ndipo wazike.

Mengine nilielezwa na Kosmas. Muda mfupi baada ya mimi kuondoka, mama alishikwa na tumbo. Walimkuta amejikunja kati ya ngoro. Waliniita ili nimpakie nimfikishe hospitali, na jina langu lilirushwa mgongo hadi mgongo, likanifikia mara tatu. Walipoona nimepotea kwenye kona walifunga machela kwa miti miwili na blanketi, wakambeba mabegani. Alikata roho wakiwa hawajamaliza mlima wa pili. Njiani aliuliza mara moja tu: "Amesikia?" Wakamwambia ndiyo, anakuja.

Sijui kama ningemfikisha. Watu wema wameniambia siku yake ilikuwa imefika, nisijilaumu. Nawashukuru. Lakini mimi sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Matanga yalipokwisha, nilitoa spana nikaanza kuifungua ile ekzosi. Baba aliinama chini ya kichanja akaitoa ya zamani, akaikung'uta utando wa buibui. Alichuchumaa upande wa pili akaishikilia ikae sawa. Nilitaka kumwomba msamaha. Yeye alisema, "Anza kukaza nati ya chini." Nikaanza na ya chini. Nilipomaliza nilipiga kiki, na pikipiki ikakohoa kama zamani. Baba aligeuka kutazama jikoni. Nami niligeuka. Hapakuwa na moshi.

Mwanangu, wewe unayefungua nati za pikipiki yako uani leo, sikukatazi kufunga ekzosi unayoipenda. Kijana hupenda kusikika, nami nilipenda. Ninachokuomba ni kwamba kile kibomba cha ndani ukiache mahali pake. Kabla hujaondoka nyumbani, zima kwanza, mwache mtu wako aseme mpaka amalize, umjibu. Mama akikuuliza swali kwa mzaha, mjibu vilevile. Na ukimwona mtu kwa mbali anarusha mikono, usiwe mwepesi wa kudhani anakushangilia. Simama, zima, itika. Kama hakuwa na shida utakuwa umepoteza dakika moja, na yeye atafurahi kwamba ulisimama.

Mimi tangu siku zile, nikifika kwenye kona zile tatu, huzima injini. Vijana wakinipita huuliza, "Mzee, imekufa?" Nawaambia haijafa. Nakaa kidogo. Nasikia majembe, nasikia mbuzi, nasikia upepo ukipita kwenye mibuni. Siku nyingine, ukungu ukiwa mzito, huwa kama nasikia jina langu likitembea huko juu, kutoka mgongo hadi mgongo. Najua hakuna aliyeita. Lakini mimi huitika.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe masikio mepesi na mkono usio na haraka. Na kila utakapopanda mlima wa kwenu, umkute anayeijua sauti yako, na maji yanachemka.