Mkasi wa Chumba cha Matumbo

Umewahi kushika utumbo mbichi wa ng'ombe ukiwa umevaa glovu? Unateleza kama kambale. Ndiyo maana kwenye chumba cha kuoshea matumbo, machinjioni, hutundikwa mkasi kwenye msumari mlangoni. Mgeni akipewa glovu, glovu hizo hukatwa kwanza ncha za vidole, ndipo ainame kazini.

Asubuhi hii msumari ni mtupu. Mkasi umo mfukoni mwa Mama Mkasi, mkongwe wa chumba hiki, aliyewakatia wenzake glovu miaka yote. Anakamua utumbo juu ya karai, glovu zake nzima, na kila mara unamponyoka.

"Shoga, huyo wako bado yu hai," jirani yake kwenye karai, ambaye glovu zake amezitafuna ncha kwa meno, anamtania. Wenzake wanaangua kicheko. Mama Mkasi anaokota utumbo sakafuni, anaanza upya.

Mkamwana wake, mke wa mwanawe, Mama Mkasi ndiye aliyemleta kazini, akamkatia glovu kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilidhani namsaidia," anasema. "Mwenye vidole wazi humaliza mapema, akawahi kwake."

Ilianza homa. Kisha nyama za miguu zikamuuma binti huyo hata kitanda akashindwa kukipanda. Wakasema malaria, akanywa dawa za malaria. Macho yalipogeuka manjano kama kiini cha yai, ndipo wakamkimbiza hospitali.

Daktari aliwaeleza kuwa ni vijidudu vyembamba, vimejisokota kama uzi wa sweta iliyofumuliwa, ncha zimepinda kama ndoano. Hutoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, vikaingia mwilini kwa mchubuko hata usiouona.

Figo zimegoma. Sasa mashine ndiyo inayomsafishia damu, na daktari hasemi tena "akipona".

Jioni, Mama Mkasi ananawa hadi viwikoni, anaketi wodini, anamkanda binti miguu kwa mafuta, taratibu. Anamweleza kwamba mkasi ameuficha. Anamweleza pia kwamba akipata nafuu, atamwombea nafasi kwenye mizani ya nyama, pale pakavu.

Binti anaitazama dari. Tangu aolewe, hajawahi kumjibu mama mkwe wake zaidi ya "ndiyo, mama".

"Mama, mimi nilitaka kushona nguo," anasema. "Siku ile unanikatia glovu, nilitaka nikwambie. Nikaona haya."