Mwaloni wa Kwenye Begi

Kikao kilianza Jumamosi ya kwanza ya Juni 2004, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, sebuleni kwetu Small Heath, Birmingham, na kilichojadiliwa ni mti wangu. Ulikuwa na majani matano.

Niliuotesha mwenyewe. Majani yalipokuwa yakipukutika niliokota bustanini mbegu ya mwaloni, ile miti mikubwa ya huku. Kidude cha kahawia, kimevaa kofia kama mzee anayewahi Ijumaa. Nikakifukia kwenye kopo la aiskrimu, nikaliweka dirishani chumbani kwangu. Sikumwambia mtu. Mimi si wa kusemasema. Hata shuleni wakiita majina nanyoosha mkono tu. Lakini sasa kopo lilikuwa limebana. Nilisoma maktabani kwamba mwaloni hushusha kwanza mzizi mmoja mrefu, na mzizi ukigonga kitako cha chombo hujizungusha mpaka mti unajinyonga wenyewe. Ilibidi uingie ardhini. Nikajizoeza sentensi bafuni, nikashuka kumwomba baba niupande ua wa nyuma.

Ndipo baba akaitisha kikao, kwa sababu kwetu hatupandi kitu. Tunarudi Tanga mwakani. Tumekuwa tukirudi Tanga mwakani tangu sijazaliwa. Makochi bado yana nailoni za dukani, ukikaa yanalia. Picha zimeegemezwa ukutani, hazijapigiwa msumari.

"Mti huu unazaa baada ya muda gani?" baba aliuliza.

"Miaka arobaini," nililiambia zulia.

"Arobaini!" Akamgeukia mjomba, kaka yake mama. "Umesikia, shemeji? Mtoto anataka kutufunga hapa miaka arobaini."

"Na tukiondoka nani atamwagilia?" mjomba akauliza, ingawa mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumatano.

"Jamani, ni majani matano," mama alisema.

Baba akampigia bibi Tanga kwa kadi ya simu, akafungua spika tusikie wote.

"Unazaa nini?" bibi akapaza sauti.

"Vinjugu, mama. Huku wanalishia nguruwe."

"Astaghfirullah. Mmeanza kufuga nguruwe?"

"Hapana mama! Mti tu. Wa kivuli."

"Kivuli cha nini, na kila siku mnanililia huko hakuna jua?"

 Yule mwanamke wa sauti iliyorekodiwa ya kadi akaingilia kwa Kiingereza kutangaza kwamba imebaki dakika moja. Bibi akadhani ni mke wa mjomba. "Hujambo mwanangu? Watoto hawajambo?" Dakika ikaishia kwenye salamu.

Mjomba ndiye aliyepata ufumbuzi. "Upandwe kwenye begi. Lile la magurudumu. Siku ya safari tunaliburuta tu mpaka uwanja wa ndege."

Nilingoja mtu acheke. Baba alikwisha kupanda ngazi kuchukua begi.

"Udongo utazidisha kilo," mama alisema.

"Tutaukung'uta palepale kwenye mizani," mjomba akamjibu.

Wakalilaza uani, wakakata kifuniko, wakalijaza udongo, wakaupanda mti. Baba akafunga utepe mwekundu kwenye mshikio, lisije likachukuliwa na abiria mwingine.

"Baba, mzizi..." nilianza.

"Haya wewe, sema!" mjomba akanitania. Wote wakageuka kunitazama. Nilitaka kusema kwamba humo utakufa. Nikasema, "Asante."

Ukweli ni kwamba si aibu peke yake iliyonizuia. Baba alikuwa amepiga magoti matopeni na kanzu yake, akishindilia udongo kwa vidole, na alikuwa akiimba. Baba haimbi. "Tutauweka nyuma ya jiko la bibi yako," aliniambia. "Patamu pale. Udongo wa pale hata fimbo inaota." Ningemwambiaje mzizi wa mti hauwezi kungoja mwakani?

Asubuhi yake, tuliposwali Alfajiri na baba akarudi kulala, nilitoka na kisu cha jikoni na koleo. Niliuchomoa mti na bonge lake la udongo, nikaulaza kwenye ndoo. Nikalimwaga begi, nikaligeuza. Kitako kilikuwa cha kitambaa kigumu, nikakikata chote, pande nne, nikakiviringisha na kukisukumia chini kabisa ya pipa la taka. Nikachimba shimo refu kuliko mkono wangu. Nikaliweka begi juu ya shimo, nikaushusha mti katikati, nikajaza udongo mpaka kwenye zipu. Kwa juu usingeona tofauti. Magurudumu yalikuwepo, utepe ulikuwepo, na mshikio nikauelekeza getini, kama baba alivyouacha. Halafu nikaingia ndani, nikaosha kisu mara mbili kwa sabuni, maana mama angekikatia vitunguu.