Mpishi Aliyeutaka Mwisho wa Mlima

Wariaeli Mtui aliwapikia wapanda Kilimanjaro ujana wake wote na utu uzima wake, na kileleni hakuwahi kufika. Wageni walipoondoka kambi ya mwisho kukipanda kilele cha Kibo, mpishi alibaki kuwachemshia uji. Waliporudi na pua zilizobabuka, wakimsimulia jua linavyochomoza huko juu, aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepajua, kisha akarudi kwenye sufuria yake na wivu wake.

Alistaafu, wivu haukustaafu. Kwa hiyo binti yake Aikande, kiongozi wa wapandaji, alipomwambia, "Baba, safari hii njoo kama mgeni wangu," mzee nusura alie. Akaanza mazoezi: kupanda na kushuka kilima cha kanisani, mkungu wa ndizi begani, majirani wakimuuliza kama soko limehama.

"Wenzako umri huu wanatafuta mkongojo," mkewe alimwambia huku akimfumia sweta, "wewe unatafuta kilele."

"Mkongojo nitatafuta nikirudi."

Shida ilikuwa miguu. Mpishi wa mlimani hatembei, hukimbia, maana chai lazima imtangulie mgeni kambini. Siku ya kwanza Wariaeli alifika kambini kabla ya begi lake.

"Meku, mzee wangu, unamkimbia nani?" alimtania Kiwelu, mpagazi aliyebeba begi hilo. "Leo hakuna anayekudai chai."

"Baba, polepole," Aikande alimsihi.

"Mlima huu nimeupanda hujazaliwa."

Aikande hakuthubutu kumpita. Kwao Marangu, mkubwa hupewa upande wa Kibo, upande wa juu wa njia, na mdogo hupita chini. Binti amtangulie baba yake kuelekea Kibo? Kwa hiyo mzee aliendelea kukata mbuga mbele, na kiongozi akamfuata nyuma.

Kambi ya pili kichwa kilimgonga, tumbo likakataa. Alificha, akijua kabisa kwamba anayeugua hushushwa, na akishushwa safari hii hakuna nyingine. Lakini Kiwelu alipompa bakuli la mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, alilisukuma pembeni.

"Mpishi akikataa mtori, kuna jambo," alisema Kiwelu, bila utani safari hii.

Aikande akaja, akapiga magoti mbele ya baba yake na kumnyooshea kwa mikono miwili jani refu la sale. Lilikuwa limenyauka kidogo, ila Wariaeli alilitambua: la mpakani mwa kihamba chake mwenyewe, shamba la migomba la nyumbani. Mchagga akiombwa msamaha kwa sale, hakatai.

"Umenikosea nini?" aliuliza.

"Bado, Baba. Nakuomba msamaha wa nitakayokukosea kuanzia sasa. Nitakutangulia. Nitakukataza. Kesho tutapumzika hapa, na nikikwambia shuka, utashuka."

Wapagazi wote waliinamia mabakuli yao.

"Nani kakufundisha hila hii?"

"Mama."

"Nilijua tu." Akalipokea jani, akalitia ndani ya sweta, na moyoni alishangaa kuona fahari imeishinda hasira.

Walipumzika, kichwa kikatulia, mtori ukaliwa na kuongezwa. Usiku wa kupanda Kibo alitembea nyuma ya visigino vya binti yake, kwa mwendo wa kinyonga, Kiwelu akiwafuata na chupa ya chai. Mara mbili miguu ya mpishi ilitaka kupita. Aikande alinyoosha mkono tu nyuma, na mzee akabaki mahali pake.

Jua liliwakuta ukingoni mwa Kibo. Hatua chache kabla ya kilele Aikande alisogea pembeni, upande wa chini, ampishe.

"Twende," alisema Wariaeli. "Kiongozi ni wewe mpaka tufike."

Wakafika. Mzee alilia bila kujificha, akicheka humohumo. Kiwelu akafungua chupa, akamimina kikombe.

"Karibu chai, mgeni."

Katika mlima ule hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Chai haikuwa na tangawizi, na Wariaeli aliinywa hadi tone la mwisho.

Aikande alikuwa ameshateremka hatua chache, amesimama chini yake kama ipasavyo binti. Baba yake akageuka kulia, akageuka kushoto, akitafuta upande wa juu. Kote kulikuwa chini.

"Njoo hapa," alimwambia. "Upande wa Kibo umekwisha. Simama na mimi."