Hasara ya Shusha-Pakia

Jina la Shusha-Pakia alipewa na wasukuma mikokoteni, na hakulikataa. Ukimtaka akununulie kabati, cherehani au friji kwa bei ya jumla ili umlipe kidogo kidogo, hakukuletea mlangoni moja kwa moja. Alikipeleka kitu hicho kwanza dukani kwake, akakishusha kwenye sakafu, akakizunguka akikikagua, ndipo akakuuzia. Kisha kinapakiwa upya na kupelekwa kwako. Kazi mara mbili, nauli mara mbili, na mara mbili msukuma mkokoteni anamlaani chini kwa chini.

Katika masoko mengi niliyopita, mfanyabiashara huuza kwa simu mali ambayo hajaigusa wala hataigusa. Nilimuuliza kwa nini yeye anajitesa.

"Nikikupa pesa ukanunue, halafu unirudishie na nyongeza, hiyo ni riba, hata tukiipaka rangi," alisema. "Nikinunua mimi, kikawa changu, halafu nikakuuzia kwa faida unayoijua, hiyo ni biashara. Na kitu hakijawa changu mpaka kiweze kuniharibikia mikononi."

Alisema hivyo bila kiburi, kama mtu anayekueleza dawa anayokunywa kila siku na ladha yake haimpendezi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye mlango wa bati wa kukunjwa. Mbele kulikuwa na sufuria, vijiko na ndoo, na hivyo ndivyo vilivyolisha nyumba. Nyuma palikuwa patupu kwa makusudi: hapo ndipo vitu vikubwa vilishushwa. Kwenye kila kitu alibandika karatasi yenye bei aliyonunulia, faida yake, na kasoro kama ipo. Wateja waliisoma, wakaipiga picha, wakaenda duka la pili kuombea bei hiyohiyo.

Mtaji wa hivyo vitu vikubwa haukuwa wake. Ulikuwa wa mkewe. Mama huyo alirithi milioni tatu kwa baba yake, na badala ya kumkabidhi mumewe hivi hivi, alichukua daftari la shule akaandika ukurasa mmoja kwa mkono wake, mashahidi wawili wakatia sahihi. Mtaji ni wangu, kazi ni yako. Faida ya mwaka nusu kwa nusu. Hasara ikitokea, inaliwa kwanza na faida, ikizidi inaingia kwenye mtaji wangu, na wewe utakuwa umepoteza jasho lako. Ila hasara ikitokana na uzembe wako, ni yako peke yako.

"Miaka ishirini na saba ya ndoa," mume alimwambia siku ile, "bado unaniwekea mashahidi?"

"Kwani mahari hukuwekewa mashahidi?" mke akamjibu. "Tia sahihi."

Mwaka wa nne wa mkataba faida ilifika laki nane. Laki nne zake, laki nne za mkewe, na kila mmoja alishajua zake zinakwenda wapi. Za mume zilikuwa kodi ya duka, aliyokuwa nyuma nayo miezi mitatu. Za mke zilikuwa ngazi. Walikuwa wanakaa ghorofa ya tatu, na magoti ya mama yalikuwa yamechakaa. Akishuka asubuhi kwenda kwa wagonjwa, maana alikuwa mkunga, hakupanda tena mpaka jioni, hata kama amesahau miwani. Mwisho wa mwezi nyumba ya chini ilikuwa inaachwa wazi. Mwenye nyumba alitaka nyongeza ya laki nne, zote kwa mkupuo, na wapangaji wengine wawili walikuwa wanaitolea macho. Makazi ni jukumu la mume, na mume alikuwa ametoa ya ghorofa ya tatu, ndiyo aliyoiweza. Ya chini mke alisema ataiongezea mwenyewe, kwa hiari.

Zilibaki siku tisa mwezi kwisha pale Mama Mikate alipotaka oveni.

Mama Mikate aliokea shule mbili na hoteli moja, na oveni yake ya zamani ilikuwa inaunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Walikubaliana: Shusha-Pakia atanunua kwa laki tisa, atamuuzia kwa laki tisa na tisini elfu, alipe kwa miezi kumi. Lakini hayo yalikuwa maneno tu ya kuahidiana. Kuuziana kungefanyika dukani, oveni ikiwa imeshashushwa.

Asubuhi ya kuinunua, Shusha-Pakia alikwenda ghala la jumla na msukuma mkokoteni aliyeitwa Injini, kwa sababu mlimani alinguruma kuliko gari. Shusha-Pakia alikuwa hajalala vizuri siku tatu; mwenye duka, anayemdai kodi, alikuwa anampigia simu kabla ya alfajiri, kwa kujua kwamba muda huo hawezi kusingizia kelele za sokoni. Akailipia oveni, wakaipakia, ikiwa nzito kama deni la watu wawili. Injini akaifunga kamba moja kiunoni.

"Tuongeze ya pili juu?" akauliza. "Ina kichwa kizito hii."

Shusha-Pakia aliitazama ile kamba ya pili, ilivyovurugika chini ya mkokoteni kama utumbo wa kuku. Kuifungua tu ni robo saa.

"Twende," akasema. "Jua linapanda, na mimi nimechoka."

Njia ya dukani ilipita mbele ya mlango wa Mama Mikate. Injini akapunguza mwendo.

"Mzee, si hapa? Tuiingize, mambo yaishe. Hizo karatasi zako utamletea jioni."

"Pita."

"Unajua wewe unanizeesha kabla ya wakati?"

"Sukuma, ndugu yangu."

Kama hatua themanini mbele kuna mtaro unaokatiza barabara, umefunikwa na vipande vya zege visivyolingana. Gurudumu la kushoto likazama. Oveni ikainama taratibu, kwa heshima kabisa, kama mgeni anayejiandaa kukaa, kisha ikateleza juu ya kamba yake moja na kuangukia mlango. Kioo kikawa punje. Bawaba moja ikang'oka, na ubavu mmoja ukabonyea.

Injini akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya chini, "Sikiliza. Sema Mama Mikate alishainunua. Ni neno moja tu. Yeye mwenyewe alishakubali bei."

"Alikubali kuja kununua."

"Haya. Basi hilo la kamba libaki hapa barabarani. Mimi sikuuliza na wewe hukujibu. Mtaro ni mtaro, ni mipango ya Mungu."

Shusha-Pakia aliinama akashika pembe ya oveni. Waliiinua kwa msaada wa wapita njia, na safari hii kamba zote mbili zikafungwa.

Adhuhuri ilipopita Mama Mikate alifika dukani, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa ameshasikia, habari za kuanguka hazihitaji mkokoteni. Akaiangalia oveni pale sakafuni.

"Ingekuwa yangu ningelia," akasema. "Kwa kuwa ni yako, pole sana."

"Asante. Hudaiwi kitu. Tafuta kwa mwingine, mimi sina uwezo wa kununua nyingine mwezi huu."

Mama Mikate hakuondoka. Akachuchumaa, akaingiza mkono ndani, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole kama anayekagua tikiti maji.

"Na hii mbovu unauza kiasi gani?"

Shusha-Pakia akavuta karatasi, akaandika huku akisoma kwa sauti. Kununuliwa, laki tisa. Mlango umeng'oka. Kioo hakuna. Ubavu umebonyea. Rafu moja imepinda. Kipimo cha joto hakijajaribiwa.

"Malizia," Mama Mikate akasema. "Andika pia muuzaji amekonda."

"Laki sita."

"Kwa sanduku lisilo na mlango? Shemeji yangu anachomelea vyuma, lakini kioo cha oveni hachomelei. Laki nne na nusu."

"Mama, mimi nimeumia."

"Nimeona. Nimekupa pole. Bei ni kitu kingine."

Wakaishia laki tano, kwa miezi kumi, hamsini elfu kila mwezi. Alipotia sahihi, Mama Mikate alikuwa amejizuia kutabasamu na amefanikiwa nusu. Injini akaitwa kupakia tena.

Hasara ilikuwa laki nne kamili. Shusha-Pakia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaifikiria. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, ila namna ya kuisema ndiyo ilikuwa nzito. Ikiwa ni ajali, laki nne zinatoka kwenye faida ya laki nane, zinabaki nne, kila mmoja laki mbili. Yeye angepata cha kumpoza mwenye duka. Mkewe angekosa nyumba ya chini, na hakuna ambaye angemlaumu mtu; daftari lenyewe lilisema hivyo. Ikiwa ni uzembe, mke anachukua laki nne zake zote, na yeye, kwa mwaka mzima wa kushusha na kupakia, anapata sifuri.

Na kati ya ajali na uzembe palikuwa na swali la Injini, na jibu lake yeye. Watu wawili tu walilijua, na mmoja alishaahidi kulisahau.

Alifunga duka alasiri, mapema kuliko kawaida. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, mkoba wa ukunga mapajani, akizitazama ngazi nyingine kama mtu anayetazama foleni.

"Umerudi na jua?" mke akasema. "Nani amekufa?"

"Oveni." Akakaa kando yake, akamsimulia: mtaro, kioo, laki tano za Mama Mikate.

Mke alisikiliza, mkono ukisugua goti. "Laki nne zimekwenda," akasema mwishowe. "Basi tumebaki na mbili mbili." Akazitazama tena ngazi. "Nitamwambia mwenye nyumba awape wale wengine. Ajali haina kinga, mume wangu. Usijitese."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, aliniambia baadaye, kuliko pale mtaroni. Alikuwa tayari kwa lawama. Hakuwa tayari kwa huruma. Ilikuwa imebaki kunyamaza tu, na kunyamaza hakuhitaji nguvu yoyote.

"Ilifungwa kamba moja," akasema.

"Nini?"

"Injini aliniuliza tuongeze ya pili. Kamba ilikuwepo. Nikasema twende."

"Kwa nini?"

"Nilichoka."

Mke aligeuka akamtazama usoni, muda mrefu, kwa macho yale anayomtazamia mama anayesema uchungu haujaanza kumbe umeanza tangu jana.

"Kamba ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Chini ya mkokoteni."

"Basi ni uzembe."

"Ni uzembe."

Jirani akapita katikati yao na kreti ya mayai, wakainamisha mabega kumpisha, wakaitikia salamu. Alipopotea juu, mke akasema, "Laki nne zangu nitazichukua zote."

"Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu, siombi ruhusa. Nakwambia usije ukadhani nitasema nimekusamehe." Akashusha pumzi. "Moyo unataka. Ila mwezi ujao nitakuwa napanda ngazi hizi na huo msamaha wangu, na kila ngazi nitakuwa nakuchukia kidogo. Ngazi ziko hamsini na nne. Ni nyingi."

Shusha-Pakia alicheka, kicheko kifupi kisichotoka kifuani. "Na mwenye duka nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli, umeshauzoea. Mwambie una mtaji wa watu na umempa mkeo haki yake, akupe muda. Akikufukuza tutaona."

"Tutaona" hiyo aliishika. Alingoja kidogo kabla ya kuuliza alichokuwa anaogopa kukiuliza tangu mtaroni. "Na mtaji? Unauchukua?"

"Niupeleke wapi? Nikiuweka sandukuni, zaka itaula kila mwaka mpaka uishe, na panya wamalizie mfuko. Nikiupeleka kwa mwingine, nitajuaje kamba alifunga ngapi?" Akaushika mkono wake ili ainuke. "Unabaki kwako. Kwenye daftari nitaongeza mstari."

"Mstari gani?"

"Kwamba ukichoka hufanyi biashara siku hiyo. Unalala. Faida ya mtu aliyechoka siitaki tena."

"Nimechoka sasa hivi."

"Basi kesho usifungue."

"Nipe siku mbili."

Mkunga alishafika ngazi ya tatu, mkono mmoja ukutani, mwingine begani mwa mumewe. Akasimama kupumua.

"Moja," akasema. "Vijiko navyo vinalisha nyumba."