Sauti ya Bibi Mwanahawa Ndani ya Roketi

Nikisikia mchi ukidunda kwenye kinu, hata leo, naona haya. Likizo ile ya darasa la sita, uani kwa kina Rehema pale Kilole, kulinuka kisamvu kibichi, na sisi watoto wanne tulikuwa safarini kwenda sayari nyingine. Tulikuwa tumenogewa na tamthilia moja ya anga za juu kwenye kibanda cha video. Ilipokatishwa, tukaamua kutengeneza sehemu yetu wenyewe kwa simu ya kaka yangu. Rehema, rafiki yangu, alikuwa nahodha. Mimi nilishika muziki na daftari la mwendelezo: naandika nani kavaa nini, kasuka nini, ili picha ya leo iungane na ya kesho. Cheo hicho kilinilevya. Muziki niliupata hapo hapo, kwa bibi yake Rehema, Bibi Mwanahawa, aliyekuja kuwatembelea kutoka Mkata na alikuwa akitwanga huku akiimba Kizigua. Nilipomrekodi alicheka. "Haya, mjukuu wangu, mnanipeleka huko juu bila nauli?"

Tulikuwa katikati ya kazi Bibi alipofariki. Mama akanichukua tukaenda Mkata kwenye matanga. Nilimkuta Rehema amenyolewa kipara, kama wajukuu wenzake wote. Nilichomwambia kinaniaibisha mpaka sasa.

"Umeharibu mwendelezo. Nahodha amesuka mabutu!"

"Bibi amekufa," akasema.

"Najua. Basi utavaa kofia."

Akanipa mgongo. Ili kumrudishia hamu, nikafungulia ule wimbo wa Bibi kwenye simu, kwa sauti ya juu, nje kabisa ya chumba walimokaa wafiwa.

"Abee, mama!" Mama yake Rehema aliitika kutoka ndani, akatoka mbio pekupeku, akimtafuta mama yake uani. Wanawake wakamshika. Hakuna aliyenipiga, na ningeshukuru kama wangenipiga.

Sehemu ile niliimaliza, na nahodha alivaa kofia. Siku hizi nahariri video za harusi Korogwe mjini, na wateja wanasifu ninavyounganisha muziki. Wiki iliyopita Rehema alinipigia. "Shoga, mama anaomba ile sauti ya Bibi. Sisi hatuna nyingine." Nilitafuta usiku kucha. Rekodi yenyewe niliifuta zamani ili nipate nafasi kwenye simu. Iliyobaki ni ya ndani ya video, na huko nilimfunika Bibi kwa mngurumo wa roketi, mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia Rehema kwamba simu iliibiwa na kila kitu kilichokuwamo. Akanipa pole.