Siku Ndugu Yangu Alipoitwa Sikuona

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipopanda mlima wa chuo kikuu nikiwa na rozari shingoni na chupa ya maji ya baraka mkononi, nikienda kumwokoa ndugu yangu asibatizwe mara ya pili. Chupa ilikuwa ya limonadi, nami nilikuwa nimebandua karatasi yake ili isiniaibishe. Viatu vilikuwa vile vya Misa. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeifanya njia kuteleza kama sabuni, na kila niliyekutana naye aliniuliza, "Maman, kuna mugonjwa?" Nikajibu bila kusimama, "Iko, na anagonjwa roho!"

Cheka tu. Hata mimi nacheka leo. Siku ile sikucheka.

Kwanza nikuambie mimi ni nani, maana mshauri asiyejulikana ni kama dawa isiyo na jina. Nilizaliwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba alitangulia, mama akamfuata upesi, nami nikaacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikaketi nyuma ya cherehani ya mama, hapa Kadutu, mjini Bukavu. Wahenga walisema mkubwa ni jalala: kila kitu hutupwa kwake, naye halalamiki. Wadogo zangu walikula, wakavaa, wakasoma, kila mmoja kwa kadiri yake. Kitindamimba wetu, Bahati, ndiye aliyekuwa na kichwa cha vitabu. Alipoandikishwa mwaka wa kwanza wa sheria nilimshonea shati jeupe, nikamwamuru apite nalo mbele ya nyumba za majirani wote, polepole. Nikamwambia neno moja tu: "Bahati, mama alikupeleka kanisani ungali mchanga. Ubatizo ule usiubadilishe na kitu chochote."

Basi wiki ya tatu ya masomo, nikiwa napiga pasi, binti wa jirani, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, alipita akishangilia: "Yaya, mbona hauendi kuangalia? Leo ba-poil wanabatiza ba-bleu!"

Mimi nilisikia neno moja tu, wanabatiza. Nikafikiri ni dhehebu jipya, au jambo baya zaidi, kundi la siri linalokamata watoto wa watu wakiwa mbali na nyumbani. Sikuuliza. Niliacha pasi, nikashika chupa.

Wewe unayeingia chuoni utajua haya kabla hujaketi darasani, lakini mimi sikuyajua: mwanafunzi mpya huitwa bleu, wa zamani huitwa poil, na siku ya kuwapokea wapya kwa mizaha, unga na maji, wenyewe huiita ubatizo. Kutojua si dhambi. Kukimbia kabla ya kuuliza, hiyo ni karibu na dhambi.

Nilipofika nyuma ya auditoire, ule ukumbi wa mihadhara, niliwakuta wanafunzi wamejaa kwenye mteremko kama watu wa mpira. Katikati alisimama kijana mrefu aliyevaa toge, lile joho jeusi la mawakili, na kichwani amefunika beseni la plastiki. Huyo ndiye aliyekuwa président wa mahakama yao ya mchezo. Mbele yake bleu walichuchumaa kwenye tope, wakihukumiwa mmoja mmoja. Mmoja alikuwa ameshitakiwa kwa kuja chuoni na mkato wa nywele wa kijijini. Nikamwona Bahati, na lile shati langu jeupe.

"Huyu alishaka batizwa!" nikapiga kelele nikiinua chupa. "Alibatizwa na padri, na mashahidi wako!"

Mlima mzima ukaangua kicheko.

"Maman," président akaniinamia kwa heshima yote, beseni nusura lianguke, "uko avocat wake?"

"Miye niko mukubwa wake!"

"Basi karibu, Maître Maman. Huyu ndiye bleu wa kwanza kuja na avocat."

Wakaniletea kigoda cha wakili. Bahati aliniangalia kama mtu anayeomba ardhi ipasuke. Nikaketi, na kidogo kidogo nikaelewa kwamba ni mchezo, nikaanza hata kutabasamu. Ndipo wakamwita Neema.

Neema alikuwa msichana mpole kutoka Katana, mwenye Kifaransa cha kijijini ambacho wenzake walikuwa wamekwisha kukiigiza. Shitaka lake lilikuwa kwamba alikopia katika mtihani mdogo wa kwanza. Lilikuwa la kubuni kama mengine. Lakini kwa mchezo wao walihitaji shahidi, na Bahati ndiye aliyekuwa akiketi nyuma yake.

"Bleu, simama," président akasema. "Sema uliona anakopia. Ukisema, uko wetu: utapata silabusi zetu zote, na maulizo ya mitihani ya zamani. Ukikataa, utajitafutia."

Mwanangu, usilione jambo hili kuwa dogo. Silabusi ni maandishi ya mwalimu, somo zima limo ndani yake. Asiyekuwa nayo huenda mtihani kama mtu anayekwenda kulima kwa kucha. Na sisi hatukuwa na mjomba aliyesoma sheria wa kuturithisha zake. Upande mwingine alikuwepo Neema. Jina unalopewa siku ile hukushika hadi siku ya diploma, na tayari kijana mmoja alikuwa amekwisha kuita kutoka nyuma, "Maman Copie!" Neema alikuwa akiangalia miguu yake kwenye tope. Hakuwa anacheka.

Bahati akasema, "Sikuona."

"Eh! Sema tu, iko muchezo!"

"Mheshimiwa président, nilikaa nyuma yake, kweli. Niliona mugongo. Kukopia, sikuona."

"Mara ya mwisho, bleu."

Hapa ndipo penye kosa langu, nami nitalisimulia bila kulipaka mafuta. Niliziona zile silabusi zikiondoka. Mimi niliyepanda mlima kulinda ubatizo nikainuka kwenye kigoda, maji ya baraka mkononi, nikasema mbele ya wote: "Bahati, sema tu uliona! Iko muchezo tu, Mungu anaelewa!"

Bahati akageuka. Hakupaza sauti.

"Yaya, umeleta maji ya baraka, na sasa unaniomba niseme bongo, uongo mutupu?"

Nikaketi. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulivunjika. Président akalitengeneza beseni lake kichwani, kisha akatoa hukumu: shahidi asiyeona atachukua adhabu ya mshitakiwa, na jina lake la ubatizo litakuwa Sikuona.

Wakammwagia unga, wakammwagia maji, shati langu jeupe likawa ugali. Sasa sikiliza, maana sehemu hii watu husahau nikiwasimulia. Bahati hakununa. Alifungua mikono kama mkulima anayepokea mvua ya kwanza, akacheza walipoimba, akacheka kuliko wao. Alikuwa ameukataa uongo. Mchezo hakuukataa.

Walipotawanyika, unga ulikuwa umeanza kumkauka machoni. Robinet, bomba la chuo, haikuwa na maji. Wewe ni mtu wa Bukavu, sina haja ya kukueleza. Maji yaliyokuwepo ni yale ya chupa yangu tu. Nikamwinamisha, nikamnawisha uso.

"Yaya, huu si ubatizo wa pili?" akaniuliza, jicho moja likiwa limefumbwa.

"Nyamaza. Ni kunawa."

Neema akaja, akampangusa kwa ncha ya kitenge chake. Usiniulize kama walioana; kila mtu huniuliza hivyo. Hawakuoana. Neema aliolewa Kalehe, na Bahati aliimba kwenye harusi yake, vibaya kidogo.

Jumapili, baada ya Misa, nilimsimulia Muzee Bisimwa, katekista aliyetufundisha sisi sote watano. Moyoni nilitaka anisifu kwa kuupanda ule mlima. Alicheka mpaka akatafuta mahali pa kuketi. Kisha akafuta machozi, akaniambia:

"Binti yangu, ulilinda neno, mulango ukauacha wazi. Ubatizo iko mara moja, ndiyo. Lakini kila asubuhi mutu anaamka na kichwa kikavu."

Sikumwelewa vizuri siku hiyo. Nilielewa juma lililofuata, nikiwa kwenye cherehani. Mlangoni aliingia yule président, safari hii bila beseni, amekumbatia toge kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa ya tonton wake, mjomba wake wakili. Aliichukua bila kuomba, na katika purukushani ya Jumamosi ikapasuka kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Mchezea tope humrukia.

"Maître Maman, niokoe. Shona. Na tonton akiuliza, sema ilipasuka kwa kuzeeka."

Nilijua neno moja tu la kukubali lingetosha kumfanya rafiki yetu, na marafiki wa namna ile ndio waliokuwa na silabusi. Nikakipapasa kichwa changu, mwanangu. Kilikuwa kikavu: ubatizo wangu ulinitaka niushike upya asubuhi ile.

"Kushona, nitashona," nikasema, "mpaka jicho lako mwenyewe likose kuona mushono. Lakini tonton akiniuliza, nitasema nilichoona."

Akapiga kofi mezani. "Kumbe iko ugonjwa wa famille!"

Alikwenda akamwambia tonton mwenyewe. Nasikia aling'arisha viatu vya yule wakili mpaka Pasaka.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Poil wenzake walishika neno lao, na miezi mingi Bahati hakuona karatasi yao hata moja. Alisoma kwa maandishi ya Neema, yaliyopangwa vizuri kama mistari ya mahindi kwenye mashamba ya Lwiro, wakiketi wawili kwenye benchi la wateja wangu. Furushi la silabusi zao lilipofika hatimaye, limefungwa kwa gazeti na kuandikwa "Kwa Sikuona", lilikuwa limechelewa kwa somo moja. Somo hilo alianguka. Likizo wenzake walipumzika, yeye akarudia mtihani katika seconde session, ile awamu ya pili, akapita. Ukweli una gharama yake, na mara nyingine hulipwa wakati wa likizo.

Leo Bahati ni wakili, na mpaka leo wenzake humwita Maître Sikuona. Kuna wateja wanaomkwepa kwa sababu ya jina hilo. Lakini mwaka jana mama mmoja mzee kutoka Kabare, mwenye shauri la mpaka wa shamba, aliingia ofisini kwake bila hata kusalimu: "Natafuta yule Sikuona. Huyo akisema aliona, basi iko."

Kwa hiyo, mwanangu unayeingia mwaka wa kwanza wa sheria, nasaha yangu ni hii. Usidhani imani yako itaibiwa na kelele za siku moja ya unga. Cheza na wenzako, cheka nao, ukubali hata jina la ajabu. Mlango wa kulinda ni mdomo. Utafundishwa maneno mengi ya kupindisha na kunyoosha, na siku moja mtu anayekupenda, pengine mimi mwenyewe, atakuambia sema tu, Mungu anaelewa. Anaelewa, kweli, na ndiyo sababu usimtumie kama kisingizio. Ukiona, sema uliona. Usipoona, sema hukuona, hata kama itakugharimu silabusi. Mtafute Neema wa darasa lako, yule anayechekwa, uketi karibu naye. Sali, kisha fungua daftari, kwa maana Roho Mtakatifu hakusomei kitabu ambacho hukukifungua. Na Jumapili urudi kwenye Shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya waamini, utusimulie, tucheke pamoja.

Mungu akupe macho ya kuona, na mdomo unaokomea pale macho yalipokomea. Akuamshe kila asubuhi ukijua kwamba kichwa chako ni kikavu. Na siku watakapokumwagia unga kwa ajili ya ukweli, usikose mtu wa kukunawisha uso.