Hela Chini ya Kisahani

Habari ile Rahabu aliipata kisimani, akiwa ameinama anachota maji. Aliyemletea ni Magdalena, jirani yake, mwanamke asiyeweza kulala na neno tumboni.

"Mama Martina, siku hizi mzee wako anakunywa chai Kiomboi?"

"Anakunywa. Kuna ubaya?"

"Chai haina ubaya. Ila nasikia akishamaliza, akishalipa, anatoa hela nyingine anaiweka chini ya kisahani. Anamwachia Luciana. Kila siku ya gulio."

Rahabu alijitwika mtungi, akaondoka. Njia nzima maji yalimmwagikia mabegani, na alipofika nyumbani mtungi ulikuwa nusu.

Mumewe, Andrea, alikuwa amerudi kutoka vitani mwaka uliotangulia. Waingereza walimchukua jeshini Martina akiwa bado ananyonya, wakampeleka kisiwa cha Seiloni, kisha Burma, na miaka yote hiyo Rahabu alilima peke yake mtama na uwele kwenye shamba la kichanga lililochoka. Ndugu za mume walikwisha kusema Andrea amekufa. Mmoja wao alikuwa ameanza kupita pita jioni, akiuliza kama paa halivuji. Rahabu alimjibu kwamba paa ni zima, na akawa anafunga mlango mapema.

Kisha siku moja mchana Andrea akatokea barabarani na koti la jeshi, viatu vizito na blanketi begani. Watu walipiga vigelegele. Lakini mtu aliyerudi hakuwa yuleyule aliyeondoka. Alikuwa akila kwa kijiko. Akisema na mkewe alitumia Kiswahili cha jeshini, kana kwamba Kinyiramba chake amekisahau melini. Vita hakuvisema. Akiandaliwa ugali na mlenda alikula macho yakiwa mlangoni, akasukuma bakuli pembeni, akatoka. Rahabu alijiambia ni uchovu, utapita.

Sasa kumbe mtu huyo ana hela ya kumwachia mwanamke mwingine chini ya kisahani.

Luciana alikuwa mjane mwenye hoteli ndogo ya paa la nyasi karibu na duka la Mhindi. Hoteli yenyewe ilikuwa mabenchi na meza tatu, birika kubwa jeusi na maandazi ndani ya karai. Hakuwa mzuri wa kusimuliwa, ila alikuwa na mwanya, na akicheka mwanya ule ulicheka naye. Rahabu alikuwa hajawahi kumfikiria. Tangu siku ile ya kisimani alimfikiria akisaga, akipalilia, hata kanisani wakati wa kusali. Alikuwa akifua shati la mumewe anainusa kola kwanza. Koti lilipotundikwa alipitisha mkono mifukoni, akakuta ugoro na kipande cha kamba, na hivyo navyo vikamtia shaka.

Siku ya gulio iliyofuata alimwacha Andrea atangulie, kisha naye akatoka. Alikaa barazani kwa Mhindi katikati ya wauza mtama, kitenge kimefunika nusu ya uso. Mlango wa hoteli ulikuwa wazi mbele yake.

Alimwona Andrea ameketi. Alimwona Luciana akiweka kikombe. Na hapo ndipo alipoona kilichomchoma: Andrea aliinua macho. Alimtazama yule mwanamke usoni, akasema neno, Luciana akacheka. Alipomaliza chai alilipa, akainuka, akainua kisahani kwa kidole, akasukuma chini yake senti kumi yenye tundu. Luciana akaikuta, akapiga goti kidogo, na Andrea akatoka amenyoosha mgongo kama mtu aliyepewa cheo.

Rahabu alivuka barabara, akaingia. Wanaume waliokuwa ndani waligeuka kumtazama.

"Luciana, mume wangu anakulipia nini?"

Luciana aliweka birika chini. "Karibu, dada. Chai analipa kama wote."

"Na ile ya chini ya kisahani?"

"Ile hata mimi ilinishangaza. Siku ya kwanza nilimkimbilia mpaka kwa fundi cherehani, nikamwambia, shemeji umesahau hela yako. Akasema hajasahau. Akasema huko ng'ambo alikokuwa, mtu akikuhudumia vizuri unamwachia bakshishi, ndiyo desturi yao. Mimi nina watoto, sikukataa."

"Wengine wanakuachia?"

"Wengine wepi? Katekista mwenyewe akimaliza chai ananiuliza kwa nini kikombe hakikujaa."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Rahabu hakucheka. Luciana alimsogelea, akashusha sauti. "Dada yangu, mumeo hajaujua mlango wa nyumba yangu. Anakunywa chai, anaondoka. Kama una neno, muulize yeye."

Alimkuta Andrea njiani, jua limeanza kulala. Walitembea mpaka walipopita nyumba za mwisho.

"Nani alikufundisha kuacha hela chini ya kisahani?"

Andrea hakuuliza amejuaje. "Seiloni," alisema. "Kulikuwa na mji huko milimani tulipopelekwa kupumzika. Tuliingia mahali pa chai, tukanywa, tukalipa, tukaondoka. Tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyewahi kuwa boi wa hoteli Nairobi, akatusema njia nzima. Watatuona washenzi, alisema, watadhani hatukuridhika. Tuliporudi mara ya pili nikaacha hela."

"Ukamwachia nani?"

"Binti wa mwenye duka."

"Ehe."

"Akaunganisha viganja hivi, akaniinamia. Akanitazama usoni. Mama Martina, jeshini mimi nilikuwa namba. Wazungu waliniita namba, karani aliniita namba. Yule msichana alinitazama kama mtu. Basi kila nilipopata ruhusa nilikwenda pale."

"Anaitwaje?"

"Sijui. Lugha yao sikuijua. Wala sikumgusa, kama ndilo unalouliza."

"Ungemgusa ningejua la kukasirikia," Rahabu alisema. "Umevuka bahari, umemkuta mtu amekupa chai ya kulipia, ukamlipa mara mbili, na mpaka leo unamlipa kwa mikono ya Luciana. Mimi nimekungoja. Nimefunga mlango wangu. Kila siku nakuwekea chakula mbele. Lini umeinua macho?"

"Lakini wewe ni mke wangu."

"Ndiyo maana?"

Watu waliokutana nao njiani waliamkiana nao kwa adabu, wakawaona ni mke na mume wametoka guliani.

Kesho yake adhuhuri, Rahabu alipokwenda kuondoa vyombo, alikuta senti kumi chini ya bakuli la mlenda. Andrea alikuwa amesimama mlangoni anangoja, uso umejaa matumaini. Rahabu aliichukua hela ile kwa ncha za vidole, akairusha uani. Kuku walikimbilia wakidhani ni punje.

"Mimi si wa hotelini!" alimwambia, tena kwa Kinyiramba, ili aelewe vizuri.

Maskini Andrea alibaki kama mtu aliyepotea njia kwenye kijiji chake mwenyewe. Akaacha kwenda kwa Luciana kabisa. Hilo nalo halikumpoza Rahabu, kwa maana sasa siku za gulio mumewe alikaa nyumbani, na kila akikaa kimya Rahabu alijua yuko kwenye mji ule wa milimani, ananyoosha mgongo mbele ya viganja vilivyounganishwa.

Ni kazi ya barabara iliyowatoa pale. Serikali ilitaka wanyapara waliowahi kuwa askari, na Andrea akapangiwa Mkiwa, njia panda. Wakahamia na Martina na kuku wao, wakakaa kati ya Wanyaturu ambao lugha yao Rahabu aliijifunza kwa kununua chumvi. Malori yalipita pale kutwa, mengine ya Manyoni, mengine ya Singida, mengine yalikuwa yametoka mbali huko Nairobi na Arusha. Madereva walishuka na njaa na vumbi hadi kwenye kope, na hapakuwa na pa kula.

Rahabu alianza na sufuria moja. Aliwapikia vibarua wa barabara, kisha madereva, kuku wa kuchemsha na ugali, na chai asubuhi. Andrea alimtengenezea meza na mabenchi kwa mbao za masanduku. Haukupita muda mrefu, jina la Mama Martina likajulikana mpaka Itigi.

Na hapo mambo yakageuka. Kulikuwa na dereva aitwaye Zefania, kijana mrefu wa lori la buluu, aliyekuwa akipeleka mizigo hadi Nairobi. Alikula akashiba, akalipa, na Rahabu alipoinua sahani akakuta chini yake nusu shilingi. Aliinua kichwa. Zefania alikuwa akimtazama moja kwa moja. "Ahsante, mama. Umenipikia vizuri," akasema, akaondoka.

Rahabu alisimama na hela ile kiganjani. Alikuwa amechoka, moshi umemwingia machoni, na maneno yale yalimshuka mwilini kama maji ya baridi. Akaelewa kitu alichokuwa hataki kukielewa. Alimwelewa Andrea, akamkasirikia kwa sababu amemwelewa.

Tangu hapo lori la buluu likisikika kilimani, Rahabu alifunga kitambaa chake upya. Hakuwa na nia yoyote. Lakini paja la kuku aliliweka kwenye sahani ile, na tabasamu lilikuwa pana kuliko la vibarua. Andrea akaliona. Sasa ilikuwa zamu yake kuacha kazi barabarani katikati ya siku, akija kuangalia kama maji yapo, kama kuni zipo.

"Yule wa lori la buluu ana nini?" aliuliza siku moja.

"Ana njaa."

"Kila mtu hapa ana njaa. Anakuachia hela ya nini?"

"Si desturi ya ng'ambo? Wewe ndiye uliyeileta."

Andrea alinuna siku nzima. Zefania alipopita tena, alimfuata mpaka kwenye lori, koti la jeshi limefungwa vifungo vyote. Rahabu aliacha chungu akasogea mlangoni asikie.

"Kijana, mke wangu unamwachia hela kwa sababu gani?"

"Shikamoo, mzee," alisema Zefania, akavua kofia. "Ni mazoea tu. Nairobi nisipoacha, siku ya pili naletewa mifupa. Tabora nikiacha, wananirudishia, wanadhani nawadharau. Hapa sikujua desturi yenu, nikaona niache tu."

"Hapa hatuachi," alisema Andrea.

"Hapa tunaacha!" Rahabu alipaza sauti kutoka mlango wa jikoni.

Vibarua walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Andrea akarudi barabarani. Lakini kuanzia wiki ile, kazi yake ya barabara ikiisha, alikuja kuondoa vyombo mwenyewe. Alikuwa wa kwanza kufika mezani dereva akiinuka, na kila hela iliyokuwa chini ya sahani ilipita mikononi mwake kwanza. Rahabu alimwambia hiyo ni ya mtu aliyepika. Andrea akasema naye anahudumu. Wakagombana kwa hilo hata mvua za kwanza zikawakuta bado wanagombana.

Mvua zile zilikuwa nyingi. Barabara ikawa matope, malori yakakwama yakapangana njia panda, na watu wakajaa pale Mkiwa kama mnadani, wamelowa, wanataka kula. Rahabu alipika tangu alfajiri bila kuinua mgongo. Andrea alibeba sahani, akakata kuni mbichi, akapuliza moto hadi macho yakawa mekundu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuangalia nani ameacha nini. Zefania alikula akaondoka, wala Rahabu hakumwona.

Watu walipotawanyika, Rahabu aliketi kwenye benchi, akaegemea ukuta, akafumba macho. Alisikia kitu kinawekwa mezani. Ilikuwa sahani: ugali na firigisi, ambazo Andrea alikuwa amezificha kwenye sufuria ndogo wateja wasizione. Na bakuli la maji ya kunawa. Andrea alisimama kando, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama Luciana, kama labda alivyosimama yule mwingine wa Seiloni ambaye Rahabu hakumwona wala hatamwona.

Rahabu alinawa, akakata tonge. Aliinua macho akamtazama mumewe usoni, muda mrefu. Andrea naye alimtazama, akiwa na masizi puani.

"Chumvi imezidi," Rahabu alisema.

"Nilipika kwa haraka."

"Lakini nimeshukuru."

Andrea alitaka kuketi. Rahabu akamwambia asubiri kwanza amalize, akala polepole makusudi, naye akasimama pale mpaka tonge la mwisho.

Waliendesha hoteli ile miaka mingi, pamoja. Wateja walisema hakuna mahali pengine kati ya Singida na Manyoni ambapo mke na mume wanahudumia meza moja huku kila mmoja akimchunga mwenzake. Ni kweli walichungana. Andrea akitumwa Singida kununua sukari, alirudi akakuta maji ya kuoga tayari, chakula tayari, na Rahabu ameketi kumkabili.

"Chai umekunywa wapi?"

"Sikunywa. Niliona nije ninywe hapa."

Rahabu alimtazama, akatafuta uongo, akaukosa, akaenda kubandika birika.